Nani Alibaki Mtumbwini? Hila za Kirafiki katika Viwanja vya Shule vya Kipushi

1. Utangulizi

Katika mwaka wa kwanza wa isimu tunafundishwa kwamba mazungumzo husimama juu ya ushirikiano. Paul Grice aliandika mwaka 1975 kwamba anayezungumza huchukuliwa kuwa anasema kweli, anasema kinachohusika, na anasema kiasi kinachotosha. Kisha kengele ya mapumziko inalia, watoto wanatoka nje, na kwa dakika kumi na tano wanatumia ujuzi huohuo kunasana. Mmoja anauliza swali lenye mtego, mwenzake anajibu kwa moyo mweupe, kicheko kinalipuka, na aliyenaswa anakimbia kumtafuta mwingine wa kumnasa.

Makala hii inachambua hila chache za aina hiyo nilizozijua tangu utoto wangu Kipushi, na ambazo bado nazisikia nikipita karibu na shule za huko. Nina maswali mawili. La kwanza ni la sarufi: hila hizi hutegemea nini katika Kiswahili? La pili ni la maisha ya watoto: tutajuaje kama tunachokiona uwanjani ni mchezo wa marafiki au ni uonevu uliovaa nguo ya mchezo? Nitaonyesha kwamba jibu la swali la pili limo ndani ya jibu la swali la kwanza.

Mifano naiandika kwa Kiswahili sanifu ili msomaji wa Dodoma au Mombasa aweze kufuata. Pale umbo la Katanga linapobadilisha jambo, nitalitaja.

2. Mahali na lugha zake

Kipushi iko kama kilomita 30 kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mpakani kabisa na Zambia. Mji ulizaliwa na mgodi. Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuchimba shaba huko katika miaka ya 1920, baadaye zinki ikachukua nafasi kubwa. Gécamines ikaendelea hadi 1993 uzalishaji uliposimama, na mgodi ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Wafanyakazi wa kwanza walitoka mbali na pande tofauti: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, hata Ruanda-Urundi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, alionyesha jinsi Kiswahili kilivyokuja kuwa lugha ya kazi na ya kambi katika Katanga, mbali sana na pwani.

Kwa hiyo mtoto wa Kipushi hukua kati ya lugha nyingi. Bibi anaweza kusema Kilamba, Kibemba, Kisanga au Kiluba. Jirani wa ng'ambo ya mpaka anasema Kibemba na Kiingereza. Darasani lugha ya somo ni Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba ya 2006, lakini kwa mtoto ni lugha ya barabarani, sokoni, na hasa ya uwanja wa shule. Ni Kiswahili chenye sura yake: *batoto* badala ya watoto, *moya* badala ya moja, *mayi* badala ya maji, *feza* kwa pesa. Lugha hiyo haifundishwi na mwalimu yeyote. Watoto hufundishana wenyewe, na hila ni sehemu ya mtaala wao.

3. Hila ya kwanza: jina ambalo ni amri

Wafaransa wana hila ya zamani ya watu wawili, Pince-mi na Pince-moi, waliokuwa katika mtumbwi. Nayo Uingereza ina ndugu yake, na Iona na Peter Opie, waliochapisha mwaka 1959 kitabu kikubwa kuhusu maneno na michezo ya watoto wa shule, walionyesha jinsi hila kama hizo zinavyopita kutoka mtoto hadi mtoto bila msaada wa mtu mzima. Kwetu, shule ikiwa ya Kifaransa na uwanja wa Kiswahili, hila hiyo inaweza kuvaa mavazi haya:

— Mfinye na Nifinye walipanda mtumbwi. Mfinye akaanguka majini. Nani alibaki?
— Nifinye!

Aliyejibu anafinywa mkononi, maana ameomba mwenyewe.

Tuangalie kwa nini hila hii inakaa vizuri katika Kiswahili kuliko katika Kifaransa. *Pince-moi* ni maneno mawili yaliyofungwa kwa kistari. Sikio makini linaweza kushtuka. *Nifinye* ni neno moja tu, na ni sentensi nzima: *ni-* ya mtendwa, mzizi *-finy-*, na *-e* ya mwisho. Kiswahili kinaruhusu amri kamili kujificha ndani ya neno moja. Vilevile watu wetu wengi wana majina yaliyotokana na vitenzi, kwa hiyo jina lenye sura ya kitenzi halimshangazi mtoto.

Lakini utamu zaidi uko mbele. *Ni-* ina kazi mbili. Inaweza kuwa mtendwa, kama katika *nipe*. Inaweza pia kuwa mtenda katika dhamira tegemezi, kama katika *nije?* Basi *nifinye* ina maana mbili: "wewe unifinye mimi" na "mimi nifinye". Mtoto mwerevu aliyekwisha kunaswa mara moja hujibu kwa sauti ya kupanda, *Nifinye?*, kama anayeomba ruhusa, kisha anamfinya muulizaji kabla hajashtuka. Nimeona jambo hili likifanywa na mtoto wa umri wa miaka kama minane. Alikuwa amepindua uchambuzi wa kiambishi, jambo ambalo sisi tunaliandikia kurasa mbili katika mtihani.

Jina la pili lina uzuri uleule. *Mfinye* (Katanga: *Mufinye*) yaweza kumaanisha "mfinye yeye" au "ninyi mfinye". Wakicheza watatu, muulizaji anaweza kumwangusha Nifinye majini na kumwacha Mfinye mtumbwini. Hapo anayejibu anakuwa ametoa amri, na haijulikani atakayefinywa ni nani. Wote wanakimbia.

4. Hila ya pili: yai la jogoo

— Jogoo akitaga yai juu ya mpaka wa Kongo na Zambia, yai ni la nchi gani?

Hila hii inajulikana duniani kote, na kila mahali huchagua mpaka wake. Kipushi haihitaji kuubuni mpaka, watoto wanauona. Ndiyo sababu wanajibu kwa bidii. Mmoja anasema la Kongo, kwa kuwa jogoo ni wetu. Mwingine anasema inategemea yai limebingirika upande gani. Wanabishana mpaka muulizaji anapouliza taratibu: "Tangu lini jogoo anataga?"

Kila swali linabeba jambo linalochukuliwa kuwa kweli kabla ya kuulizwa. Ukiniuliza "Mdogo wako amerudi lini?", umeshakubali kwamba nina mdogo na kwamba amerudi. Msikilizaji mwenye adabu hupokea mzigo huo bila kuukagua, la sivyo mazungumzo yasingesonga. Muulizaji wa yai la jogoo anatumia adabu hiyo.

Tuangalie pia uteuzi wa neno. Kiswahili kina *kuku*, jina linaloweza kumchukua jike na dume, na kina *jogoo*, ambalo ni dume peke yake. Ungetumia *kuku*, mtego ungekuwa rahisi kuuficha, lakini watoto hawalitumii. Ukisema *kuku* umeuliza swali la kawaida, na ukimcheka aliyejibu unakuwa wewe ndiye mwongo. Sharti neno *jogoo* litamkwe wazi ili aliyenaswa, akikumbuka, akubali kwamba ukweli ulikuwa mbele ya macho yake. Hapa naona kanuni ya kwanza: hila ya kirafiki haifichi ukweli, inauweka mahali ambapo mazoea yetu yatauruka.

Hila ya ng'ombe ni ya ukoo huohuo. Rafiki anakuambia useme "nyeupe" mara kumi upesi, halafu anauliza: "Ng'ombe anakunywa nini?" Unasema maziwa. Rangi imekwisha kuliamsha neno la maziwa kichwani, na ng'ombe akamaliza kazi. Hakuna aliyekudanganya, ulimi wako ndio uliotangulia.

5. Hila ya tatu: lugha ya kugeuza

Marafiki wawili wakitaka kumteta wa tatu mbele yake, hugeuza silabi. Mchezo huu ni mkongwe katika Kiswahili. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja cha mwaka 1870, aliutaja kwa jina la *kinyume*: silabi ya mwisho inaletwa mwanzo, na *kesho* inakuwa *shoke*. Hapa kwetu Katanga, Wasanga wana mchezo wa *kinshingelo*, ambao André Coupez aliuandikia makala fupi mwaka 1969 na kuuita somo la isimu. Jina hilo linastahili. Katika kinshingelo silabi mbili za mwisho hubadilishana nafasi, lakini toni haziendi nazo. Toni hubaki pale zilipokuwa. Wachezaji wanatuonyesha kwamba toni na silabi ni tabaka mbili tofauti, jambo ambalo nadharia ya fonolojia ilikuja kulijenga rasmi baadaye.

Kiswahili cha Katanga nacho kinatupatia ushahidi wake. Chukua *muntu*. Mtoto akigeuza anasema *ntumu*, wala hasemi *tumun*. Chukua *nyumba*: anasema *mbanyu*. Bila kufundishwa anajua kwamba *nt* na *mb* haziachani, na kwamba silabi ya Kiswahili cha kwetu haifungwi na konsonanti. Mwanafunzi anayesumbuka na mgawanyo wa silabi ubaoni aende uwanjani saa nne asubuhi.

6. Kipi kinatenganisha hila na uonevu?

Gregory Bateson aliandika mwaka 1955 kwamba mchezo hauwezekani bila ujumbe mwingine juu yake, usemao "huu ni mchezo". Wanyama wanaocheza hung'atana, lakini ung'ataji huo hausemi kile ambacho ung'ataji wa kweli ungesema. Uwanjani ujumbe huo hutolewa kwa njia nyingi: tabasamu lililobanwa, wimbo wa sauti, na mwishoni neno la kufungua mtego, "Nimekupata!" Hila isiyofunguliwa inabaki kuwa uwongo.

Hata hivyo tabasamu na kicheko havitoshi kuwa kipimo, kwa maana mwonevu naye hucheka na husema alikuwa anatania. Kutokana na hila nilizozichambua napendekeza vipimo vitatu ambavyo mtu anaweza kuvitumia akiwa amesimama ukutani tu, akisikiliza.

Kwanza, hila husimama juu ya kile ambacho wote wawili wanakijua. Aliyenaswa na yai anajua kwamba jogoo hatagi. Aliyejibu "Nifinye" anajua maana ya *nifinye*. Amenaswa na ujuzi wake, si na upungufu wake. Ndiyo maana anaweza kucheka naye.

Pili, hila hufunguliwa upesi, na anayefunguliwa anaelewa.

Tatu, zamu inahama. Aliyenaswa anaondoka na hila ile kama mali yake, na anakwenda kuitumia kwa mwingine. Deni lake halilipwi kwa aliyemnasa. Linalipwa kwa kuendelezwa.

Sasa tuangalie kisa ambacho kinafanana na hila, lakini kinakosa vipimo vyote vitatu. Katika shule moja nilifuatilia kwa siku kadhaa mapumziko ya darasa la nne. Palikuwa na msichana aliyehamia kutoka upande wa Zambia. Nyumbani kwao ni Kibemba. Wavulana watatu walikuwa wakimwita, wanampa sentensi ndefu ya Kiswahili, wanamwambia airudie. Kila alipoikosea, kicheko. Baadaye walimfundisha neno la matusi wakimwambia kuwa ni la salamu, wakamtuma kwa mtoto mkubwa. Alipoulizwa, mmoja wao alisema: "Tunacheza naye."

Maneno yao yalikuwa na umbo la hila: mwito, jibu, kicheko. Lakini msichana hakunaswa na ujuzi wake. Alinaswa na kile ambacho hakuwa nacho. Mtego haukufunguliwa, maana hakuelezwa kosa lilikuwa wapi. Na zamu haikuhama: hakuna mtu ambaye angeweza kwenda kumfanyia vilevile, kwa kuwa wengine wote walikijua Kiswahili. Siku nne mfululizo mlengwa alikuwa yeye.

Kilicholegeza mambo kilikuwa kidogo. Msichana mkubwa wa darasa la sita, ambaye wadogo walimwita *yaya*, alimkalisha chini ya mwembe na kumfundisha swali la jogoo, kwa Kibemba kwanza, kisha kwa Kiswahili. Kesho yake alilitumia kwa mtoto wa darasa la pili, ambaye alijibu kwa ujasiri kwamba yai ni la Zambia. Hakuwaendea wale wavulana watatu, nao hawakuacha mara moja. Lakini sasa alikuwa na kitu cha kutoa katika uwanja ule, na wiki hiyo nilimsikia akiuliza wengine watano au sita.

7. Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Msomaji anaweza kusema: ni watoto, watakua. Mimi naona Katanga haina nafasi ya kulichukulia jambo hili kirahisi. Neno linalotumiwa kumtambua mgeni ni chombo cha zamani. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia jinsi watu walivyosimamishwa vivukoni mwa Yordani na kuambiwa waseme "Shibolethi"; aliyesema "Sibolethi" aliuawa. Katika mkoa wetu wenyewe, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka miji ya Katanga, hasa Likasi na Kolwezi, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapahapa. Wazazi wa wanafunzi wa leo walikuwa watoto wakati huo. Lafudhi ya mtu, namna yake ya kusalimia, vilikuwa na uzito ambao havikupaswa kuwa nao.

Lakini eneo hilihili la shaba lina urithi mwingine pia. Ng'ambo ya mpaka, huko Luanshya, J. Clyde Mitchell alichunguza ngoma ya kalela na kuandika juu yake mwaka 1956. Wachezaji walijisifu na kuwasema watu wa makabila mengine kwa maneno makali, na waliosemwa walikuwa hapo wakitazama na kucheka. Mitchell alieleza jambo hilo kwa kulinganisha na utani baina ya makabila, ambao wafanyakazi wa migodi waliugeuza kuwa njia ya kuishi pamoja. Msomaji wa Tanzania anaujua utani huo vizuri: mtani ana haki ya kukusema hata msibani, na wewe una haki ya kumrudishia. Neno la kushika hapo ni *kumrudishia*. Utani ni wa pande mbili au si utani. Zamu inayohama katika yai la jogoo ni mbegu ya jambo hilohilo.

8. Hitimisho na kazi kwa msomaji

Hila za uwanjani zinathibitisha kwamba mtoto wa Kipushi anamiliki sarufi ya Kiswahili chake: viambishi vyenye kazi mbili, dhana zinazobebwa na maswali, mipaka ya silabi. Wengi wetu tutakuwa walimu. Tukiwanyamazisha watoto kwa sababu wanapiga kelele kwa Kiswahili, tutapoteza somo zuri, na tutaziba masikio yetu tusisikie wakati mchezo unapogeuka. Mwalimu anayejua hila zinavyofanya kazi hahitaji kuuliza "Mnacheza au mnagombana?", maana wote watajibu kwamba wanacheza. Atatazama zamu iko kwa nani, na imekaa hapo siku ngapi.

Kwa mwenzangu anayetaka kuendelea, hizi hapa kazi tatu:

(a) Chambua *Nifinye* na *Mfinye* kwa vielelezo, ukionyesha maana zote mbili za kila kiambishi. Kisha tafuta kitenzi kingine ambacho hila ingefanya kazi, na kimoja ambacho isingewezekana. Eleza sababu.

(b) Mtanzania anafika Kipushi, anaulizwa kama anataka *mayi*, naye anasubiri mayai. Je, hii ni hila kwa vipimo vitatu vya sehemu ya 6? Ingehitaji nini ili iwe hila?

(c) Kaa katika uwanja mmoja kwa mapumziko matano. Andika hila unazozisikia, na kwa kila moja andika aliyenasa, aliyenaswa, na mahali hila ilipokwenda baadaye. Ukikuta jina moja linarudi kila mara katika safu ya waliponaswa na halionekani hata mara moja katika safu nyingine, usimalizie kazi kwenye daftari. Mtafute mtoto huyo, umfundishe swali la jogoo.